Kabla hujanunua kompyuta ya duka, nunua daftari

Januari 2023 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi aliingia dukani kwangu na dodoso la kurasa sita. Alikuwa anafanya utafiti kuhusu TEHAMA na biashara ndogo. Akaniamkia, akaniomba dakika ishirini, nikampa kigoda. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. Una kompyuta? Ninayo. Una Lipa Namba? Ninayo. Unawasiliana na wateja kwa WhatsApp? Kila siku. Kisha akauliza: "Mama, tangu uanze kutumia hivi vitu, biashara yako imebadilika kwa kiasi gani?"

Nikakosa la kumjibu. Kompyuta niliinunua mwaka 2022 kwa shilingi 900,000, na programu ya stoki nilikuwa nailipia 25,000 kila mwezi. Mwaka mzima tangu niinunue ulikuwa unakaribia kutimia, na sikuweza kumwambia yule binti kama vile vitu vimeniletea hata shilingi mia. Nilijua tu kwamba duka linaonekana la kisasa.

Ninauza spea za pikipiki jirani na soko la Mbuyuni. Wateja wangu ni bodaboda na mafundi wa Pasua, Majengo, Njoro, na wanaoshuka kutoka Uru na Kibosho. Swali lile halikuniacha, nikaamua kuanza upya. Haya ninayoandika ni kwa mwenye duka anayetaka kuingiza kompyuta, simu janja au programu kwenye biashara yake na baada ya mwaka aweze kulijibu swali nililoshindwa mimi.

Mwanafunzi aliporudi kuchukua dodoso lake alinisimulia jambo lililonifungua macho. Mwaka 1990 mchumi Paul David aliandika kuhusu viwanda vya Marekani wakati umeme unaingia. Zamani kiwanda kilikuwa na injini moja kubwa ya mvuke inayozungusha shafti ndefu, na kutoka kwenye shafti mikanda inakwenda kwa kila mashine. Umeme ulipokuja, wenye viwanda wengi waling'oa injini ya mvuke wakaweka mota kubwa ya umeme pale pale, na shafti na mikanda wakaiacha. Uzalishaji haukupanda kama walivyotarajia. Faida kubwa ilionekana miongo kadhaa baadaye, kwenye miaka ya 1920, walipoweka mota ndogo kwenye kila mashine na kupanga upya kiwanda chote kufuatana na kazi.

Mtu wa spea akisikia habari ya shafti na mikanda anaelewa mara moja. Kompyuta yangu ilikuwa imekaa palipokaa daftari. Rafu zilikuwa zile zile, vitu vimerundikwa vile vile, na kijana wangu wa duka alikuwa anaingiza mauzo saa kumi na mbili jioni kwa kukumbuka. Nilikuwa nimebadilisha injini tu.

Wiki nne za kuandika

Zima kompyuta kama unayo. Kama huna, usinunue bado. Chukua daftari kubwa la kaunta, lipige mistari, na kwa wiki nne andika mambo manne tu.

La kwanza ni mauzo, kila kitu kinapouzwa, na pembeni yake bei uliyokinunulia. Bila bei ya kununulia hutajua faida. Utajua tu kwamba pesa zimepita mkononi. La pili ni madeni: nani amechukua mali kauli, kiasi gani, ameahidi kulipa lini. La tatu ni muda unaotumia kufunga hesabu jioni. Mimi nilikuwa natumia saa nzima, siku nyingine na nusu juu, na sikuwahi kuufikiria muda huo kuwa gharama.

La nne ndilo ninalokuomba usiliruke: waliokosa. Kila mteja anayeuliza kitu akaondoka bila hicho kitu, andika alichotaka. Hapa wengi tunajidanganya, kwa sababu mauzo yaliyopotea hayaachi alama yoyote. Droo haikuoneshi pesa ambayo haikuingia. Siku ya kwanza kijana wangu alisahau, siku ya pili akaandika watatu, kufikia wiki ya pili likawa jambo la kawaida.

Nilifanya hivyo Februari 2023. Kwa siku 24 za kazi, wastani wa mauzo ulikuwa 280,000 kwa siku, yaani 6,720,000 kwa wiki zile nne. Faida kabla ya kodi ya fremu, mshahara na umeme ilikuwa asilimia 21, kama 1,411,000. Wateja 61 waliondoka bila walichokitaka. Sikutegemea idadi kubwa namna hiyo, na kilichonishtua zaidi nilikigundua Jumapili iliyofuata tulipohesabu mzigo: kati ya hao 61, 14 walitaka kitu ambacho dukani kilikuwepo. Tulikuwa nacho, hatukukiona. Kiko nyuma ya boksi la tyubu, au juu kabisa, au kimewekwa kwenye rafu ya TVS na ni cha Boxer.

Fikiria hao kumi na wanne. Walikuja wenyewe, pesa mkononi, na mali nilishailipia. Hakuna programu duniani ambayo ingewasaidia wakati rafu zangu ziko vile.

Kuhesabu, na kukubaliana majina

Tenga Jumapili nzima, hata mbili. Sisi tulikuwa watatu, mimi, kijana wa duka na binti yangu, na tulianza saa moja asubuhi baada ya misa ya kwanza. Mmoja anahesabu, mmoja anaandika, mmoja anarudia kuhesabu.

Kazi ngumu haikuwa kuhesabu, ilikuwa majina. Kwenye programu yangu ya mwanzo kulikuwa na "waya wa klachi" na kulikuwa na "kebo ya klachi". Ni kitu kimoja. Mimi niliingiza mzigo kwa jina la kwanza, kijana akawa anauza kwa jina la pili. Matokeo yake kompyuta ilionesha nyaya 22 zipo, na kebo ni kasoro tisa. Kitu hakiwezi kuwa kasoro tisa rafuni. Ukiona namba kama hiyo usiilaumu kompyuta. Imekuambia kwamba watu wawili hawajaelewana.

Kwa hiyo tulikaa na kukubaliana. Jina lile linalotumiwa na mafundi wengi ndilo jina la duka. Likifuatiwa na aina ya pikipiki, likifuatiwa na mahali kilipo. Mfano: waya wa klachi, Boxer, 3B. Namba 3 ni rafu, herufi B ni mstari wa pili kutoka juu. Tuliandika namba za rafu kwa kalamu nzito kwenye karatasi, tukabandika kwa gundi ya karatasi. Gharama yake haikufika shilingi 5,000. Kama ungenilazimisha kuchagua kati ya zile karatasi na kompyuta, ningechagua karatasi bila kufikiri.

Ndipo tukaingiza kila kitu kwenye jedwali la kawaida la Excel: jina, aina, mahali, idadi, bei ya kununua, bei ya kuuza, tarehe kilipouzwa mara ya mwisho. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipa picha kamili. Mzigo wote kwa bei ya kununulia ulikuwa 14,600,000. Vitu vya 3,900,000 vilikuwa havijagusika kwa zaidi ya miezi sita. Zaidi ya robo ya mtaji wangu ilikuwa imelala, na wakati huo huo nilikuwa nakopa kwenye kikoba ili nikanunue brekishu.

Mzigo uliolala uuze. Inauma, najua, kuuza chini ya bei uliyonunulia, ila pesa ikirudi kwenye kitu kinachotembea inazaa mara kadhaa kabla mwaka haujaisha. Niliwatumia mafundi picha na bei mpya, nikapata 2,300,000 ndani ya miezi mitatu. Pesa hiyo yote ikaenda kwenye vitu vilivyotajwa mara nyingi kwenye orodha ya waliokosa. Wakati ule masika ilikuwa inaingia, na kwa tope la Kibosho na Uru brekishu na cheni zinaisha haraka kuliko wakati wa kiangazi. Orodha ilinionesha nichukue zipi, na nichukue mapema.

Pesa za simu

Pesa za simu tunazo Tanzania tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza, kwa hiyo sitaeleza jinsi ya kutuma na kupokea. Nitasema yale yanayogusa hesabu.

Usipokelee mauzo kwenye namba yako binafsi. Nilifanya hivyo kwa miaka, na pesa za duka zikawa zinakaa pamoja na za kikoba, ada za watoto na michango ya harusi. Ukifika mwisho wa mwezi huwezi kutenganisha. Lipa Namba inakupa orodha ya miamala ya duka peke yake, nawe jioni unalinganisha jumla yake na kilichoandikwa kwenye mauzo. Kwangu jambo hili moja limepunguza muda wa kufunga hesabu kutoka saa moja hadi dakika ishirini.

Usikubali kuoneshwa skrinishoti wala ujumbe kwenye simu ya mteja. Tulipoteza tairi mbili kwa njia hiyo, siku ya Jumamosi duka limejaa, kijana akaoneshwa ujumbe unaofanana kabisa na wa kweli. Tangu siku hiyo utaratibu ni mmoja kwa wote, hata kwa fundi niliyemzoea miaka kumi: mali inatoka pale simu ya duka inapopokea ujumbe na salio linaonekana limeongezeka. Tumeandika hivyo kwenye kaunta ili mteja asione kwamba anashukiwa yeye. Ujumbe wa kitapeli ukija, namba ya tapeli itume kwenda 15040. Na ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, piga *106#. Nilifanya hivyo na kijana wangu pia nikamwelekeza.

Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi iliyoingia nchini mwaka 2010, ni wajibu wa kodi na inakaa mahali pake. Wengine hudhani ukishakuwa nayo umeshakuwa na kumbukumbu. Inakuonesha ulichouza. Haikuoneshi ulichonunua kwa bei gani wala kilichobaki rafuni. Jambo dogo nililojifunza kwa hasara: risiti zake zinafifia. Karatasi ile inaandikwa kwa joto, na ukiiweka mahali penye jua maandishi yanapotea. Risiti za manunuzi zipige picha siku ile ile unapozipokea.

Kuagiza Kariakoo bila kusafiri

Kutoka Moshi hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 560. Zamani nilikuwa nakwenda mara moja kila mwezi: siku ya kwenda, siku ya kununua, siku ya kurudi, nauli na mahali pa kulala, na duka linabaki na kijana peke yake. Sasa naagiza kwa WhatsApp, nalipa kwa simu, mzigo unakuja kwa basi. Nakwenda mwenyewe mara mbili au tatu kwa mwaka, kuona vitu vipya na kusalimiana na ninaonunua kwao, maana bei nzuri bado inatoka kwa mtu anayekujua uso.

Hapa niliumia pia. Mara ya tatu kuagiza nilitumiwa sproketi 40 zenye idadi ya meno nisiyoitaka. Kwenye picha zilikuwa sawa kabisa. Muuzaji alikataa kuzibadilisha, akasema nilizikubali. Sasa kwa kila kitu nadai mambo matatu kabla sijalipa: picha ya namba iliyopigwa kwenye spea yenyewe, picha ya spea ikiwa kando ya rula, na ujumbe wa maandishi, si wa sauti, unaotaja idadi, aina ya pikipiki na bei. Maandishi yanatafutika. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili utausikiliza mara kumi ukitafuta neno moja.

Kwa wateja, WhatsApp imenifaa zaidi kwa mafundi kuliko kwa bodaboda. Bodaboda akiharibikiwa anakuja pale pale. Fundi ndiye anayeuliza kabla, nami namjibu ndani ya dakika chache nikiwa na jedwali mbele yangu, kipo au hakipo, bei ni hii. Akishazoea kwamba jibu langu ni la kweli hana haja ya kumtuma mtu azunguke maduka manne.

Kuna jambo naliona kwenye makundi ya WhatsApp ya mjini hapa na linanisikitisha: mtu anabandika orodha ya wadaiwa wake, majina na namba za simu. Usifanye hivyo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Na hata sheria isingekuwepo, fundi uliyemwaibisha kwa 18,000 hatarudi, wala ndugu zake. Madeni yaweke kwenye jedwali lako, panga kwa tarehe ya ahadi, na siku moja kabla ya ahadi mkumbushe mhusika peke yake kwa adabu. Wengi hulipa. Walikuwa wamesahau.

Kijana wako wa duka

Mpango mzima nusura uanguke hapa. Nilipoleta utaratibu wa kuandika kila kitu papo hapo, kijana wangu alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akaniambia, "Mama, kama unaona nakuibia si uniambie tu." Nilisikia vibaya sana. Amekaa na mimi miaka saba.

Kosa lilikuwa langu. Nilimpa amri bila kumwonesha sababu. Nikamkalisha tukafungua orodha ya waliokosa pamoja, nikamwonesha pesa tulizoacha zikaondoka mlangoni. Nikamwambia kila mwezi idadi ya waliokosa ikishuka chini ya 30, ana 20,000 juu ya mshahara. Sasa yeye ndiye anayenikumbusha kuagiza. Na namba zinamlinda pia: zamani kitu kikipotea, macho yote yalikuwa kwake, leo tunafungua jedwali na mara nyingi tunakuta tulikosea wakati wa kupokea mzigo.

Ukimpa mtu kompyuta mpe na nafasi ya kukosea. Wiki mbili za mwanzo tuliandika daftarini na kwenye jedwali kwa pamoja. Daftari hilo halijaondoka hadi leo. Umeme ukikatika tunaandika humo, ukirudi tunaingiza. Na kila Jumamosi jioni jedwali linakopiwa kwenye flashi inayolala nyumbani kwangu, tena nalituma kwenye barua pepe yangu.

Kupima tena

Usipime baada ya mwezi mmoja, na usipime Desemba. Desemba Kilimanjaro nzima inarudi nyumbani, barabara za vijijini zinajaa, bodaboda hawalali, na kila duka la spea linauza. Ukiwa umeanza na TEHAMA Oktoba, utasema ni kompyuta. Januari ada za shule zikifika na mauzo yakianguka, utasema kompyuta imeshindwa. Hukumu zote mbili si za haki. Linganisha mwezi na mwezi wake wa mwaka uliopita.

Nilirudia hesabu Februari 2024, wiki nne tena, siku 24. Wastani wa mauzo ulikuwa 305,000 kwa siku, jumla 7,320,000, na faida ilikuwa asilimia 23, kama 1,684,000. Ongezeko ni kama 272,000. Sehemu ya ongezeko hilo imetokana na bei kupanda tu, na ndiyo maana siiamini sana namba ya mauzo peke yake. Namba ninazoziamini ni mbili. Waliokosa walishuka kutoka 61 hadi 23. Na mzigo, ambao ulikuwa wa kutosha wiki 11 za mauzo, sasa unatosha wiki 8. Ili uipate hiyo ya pili, chukua thamani ya mzigo kwa bei ya kununulia, gawanya kwa gharama ya bidhaa ulizouza kwa wiki moja. Ikishuka na waliokosa nao wakashuka, mtaji wako unazunguka vizuri. Ikishuka huku waliokosa wanaongezeka, umepunguza mzigo kupita kiasi, rudisha.

Kisha toa gharama. Kompyuta ya 900,000 nikiigawa kwa miaka mitatu ni 25,000 kwa mwezi. Bando 30,000. Motisha ya kijana 20,000. Jumla 75,000, na faida ya nyongeza inabeba hiyo na kubakisha.

Kwenye orodha hiyo hutaiona programu ya 25,000 kwa mwezi. Niliacha kuilipia Aprili 2023, baada ya kuona kwamba jedwali linatutosha kwa vitu vyetu mia tatu na kitu. Nikifungua duka la pili, kama ninavyotarajia huko Himo, nitahitaji maduka mawili yaonane kwa wakati mmoja, na hapo jedwali la kwenye mashine moja halitafaa. Nitaitafuta programu tena. Safari hii daftari la Himo litaanza kuandikwa wiki nne kabla.